Sura ya Sita: Ufunguo wa Bi Harusi

Inspekta Cassien alizima pikipiki pale barabara inapoanza kuteremka kwenda Nyabugogo, akatoa gia, akaiachia. Hakufikiri. Tangu vita vianze kule kaskazini na malori ya mafuta yaanze kuzungukia Tanzania, hakukuwa na mtu Kigali aliyeshuka mlima injini ikiwaka, labda awe mgeni au mwendawazimu. Petroli ilitoka kwa vocha, na vocha ya inspekta wa upelelezi ilikuwa lita tano kwa juma. Mji wenyewe ni milima mitupu. Ukiwa na akili, nusu ya safari Mungu anakulipia.

Ilikuwa Ijumaa ya pili ya mwezi wa tatu, mwaka 1991, saa tatu asubuhi, na Cassien alikuwa na muda hadi saa nane mchana.

"Sahihi moja," ndivyo mkuu wake, Bwana Viateur, alivyomwambia ofisini, huku akimenya chungwa. "Sahihi ya mtu mmoja asiyekuwa mshtakiwa, athibitishe kwamba gari lile halikuharibiwa makusudi. Ukiniletea kabla ya saa nane, faili linabaki kwetu na tunaandika ajali. Usipoleta, watu wa kambi ya jeshi wanakuja kumchukua huyo dereva."

"Na wakimchukua?"

Viateur alitafuta mahali pa kuweka maganda. "Cassien, wewe si mtoto."

Dereva mwenyewe aliitwa Kagabo. Jumatatu alikuwa akimwendesha Mkurugenzi Mugenzi wa Mradi wa Chemchemi, mradi uliochimba visima kwa pesa za wafadhili. Wakiteremka Gatsata, gari lilishindwa kona likagonga ukuta wa mawe. Mugenzi, aliyekaa kiti cha mbele bila mkanda, alikufa palepale. Kagabo alitoka na goti lililopasuka. Jioni askari wakalikagua gari, wakakuta mpira wa breki umekatwa kwa kisu, na kabla jua halijazama mji ulikuwa umeshahukumu: Kagabo ni icyitso, mtu wa adui ndani ya nyumba, katumwa kumwua mkubwa. Siku hizo neno hilo lilitosha, halikuhitaji ushahidi wa kulisindikiza.

Na pale langoni, akitoka, Cassien alimkuta Raihana amekaa juu ya jiwe lake. Raihana alikuwa mke wa Kagabo, mshona nguo wa Biryogo, na kwa siku nne zote alifika na chakula cha mumewe katika sufuria ndogo iliyofungwa kwa kitambaa cha maua.

"Bwana Inspekta, hujambo? Leo watamtoa?"

"Leo tutajua, dada."

Alijuta hata kabla ya kuwasha pikipiki. Mtu anayesubiri, ukimpa neno moja la kuning'inia, huligeuza likawa nyumba.

*

Gari lilikuwa limelazwa katika garaji ya fundi Twagirayezu, hatua mia mbili kutoka kwenye ule ukuta. Hata lilipobondeka pua lilikuwa bado na madaha. Lilikuwa kubwa kama chumba, rangi ya kijani iliyokolea, viti vya ngozi, mbao za kung'aa mbele ya dereva. Kuku wawili walikuwa wamepanda kwenye kiti cha nyuma na kukaa kama mawaziri.

"Unalijua gari hili?" Cassien aliuliza.

Twagirayezu, mtu wa miaka hamsini na ushei ambaye oili ilishamwingia mikononi isitoke tena, alicheka bila furaha. "Shefu, mimi na hii gari tumeonana kuliko mimi na bibi yangu. Hapa Gatsata tunaiita Bi Harusi."

"Kwa nini?"

"Inatoka siku moja, inapendeza, watu wanapiga vigelegele. Halafu mwezi mzima iko ndani, watu wanaihudumia."

"Ilikuwa na ubaya gani?"

"Ubaya? Haina ubaya. Iko na bei." Fundi alijifuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono yenyewe. "Silinda nane, Shefu. Kupanda hapa tu unasikia vile inameza lisansi. Lita ishirini na tano kwa kilometa mia, na hapo iko na afya. Mvua ikinyesha, madirisha inajifungua yenyewe. Kifaa kidogo kama hiki kikikufa, Kigali hakuna, Nairobi hakuna. Iko Ulaya, inakuja na ndege kama mzungu. Pikapu ya zamani ya mradi ikiharibika naifunga na waya, inafika mpaka Cyangugu. Hii ukiifunga na waya inakasirika."

Cassien alifungua faili lake. Ndani mlikuwa na barua ya marehemu Mugenzi kwa wafadhili, iliyopigwa chapa vizuri. Wafadhili walikuwa wameuliza gari la kifahari la nini kwa mradi wa visima, na yeye akawajibu kwamba gari hili halitazidi lita kumi na tano kwa kilometa mia. Wakamkubalia kwa sharti: mwezi litakapozidi, liuzwe. Na kwa miezi kumi na minne, kila mwezi, dereva Kagabo aliandika kumi na tano.

"Fundi, wewe unasema ishirini na tano. Karatasi zinasema kumi na tano. Lita kumi zilikuwa zinapatikana wapi?"

"Muulize dereva," alisema Twagirayezu, akatazama chini.

Cassien aliliandika jibu lile akaliacha kwanza. Alivua koti akaingia chini ya gari, upande wa mbele kulia, penye huo mpira wa breki ulioua mtu. Ulikuwa umekatwa kweli, na kwa kisu kikali. Lakini askari walioandika "umekatwa" hawakujisumbua kulala chini. Ncha ya mpira ilikuwa imekunjwa mara mbili na kufungwa kwa ukanda mwembamba uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, fundo safi, la mtu aliyelifunga mara elfu.

Alitoka, akainua boneti iliyopinda, akatafuta kichupa cha maji ya breki. Kilikuwa kimejaa mpaka kwenye mstari.

Mtu akikata breki usiku, asubuhi dereva akikanyaga maji yote yanamwagika barabarani, na kichupa kinabaki kikavu. Halafu, mtu anayekata ili aue hafungi jeraha.

"Nani alifunga hapa?"

Twagirayezu alikwenda kuzima redio iliyokuwa ikiimba juu ya rafu. Alirudi polepole.

"Mimi."

"Na aliyekata?"

"Mimi, Shefu. Gurudumu lilikuwa limepinda, gari haivutiki. Nikakata mpira nitoe gurudumu, nikafunga maji yasimwagike. Hayo maji ya feri, hayo mnayoita ya breki, siku hizi hayapatikani. Hiyo chupa moja ningeuza nikakula wiki."

"Siku nne mtu yuko ndani, na wewe umekaa hapa unasikiliza redio!"

"Hawakuniuliza! Walikuja na bunduki, wakaona, wakapiga picha, wakaenda."

"Basi mimi nakuuliza." Cassien alishusha boneti, akaweka karatasi na kalamu juu yake. Sahihi aliyoitafuta ilikuwa mbele yake, imevaa ovaroli. "Andika hayo hayo. Tia sahihi."

Fundi hakuigusa kalamu. "Shefu, wewe ni mtu wa shule. Nikisema ni mimi nilikata, swali ya pili ni gani?"

Cassien alilijua swali la pili.

"Watauliza nilikata lini," alijibu Twagirayezu mwenyewe. "Nitasema baada ya ajali. Watauliza nani aliniona. Hakuna. Leo wako na dereva peke yake. Kesho watakuwa na dereva na fundi, na wawili wanapendeza kuliko mmoja. Mimi kwetu ni Bugesera. Kwenye kitambulisho changu kuna lile neno la kabila. Unataka nikuonyeshe?"

"Hapana."

"Asante."

Cassien hakumchukia yule fundi, na hilo ndilo lililomuudhi. Angemchukia, angemtisha; na akimtisha, pengine fundi angeandika. Alikwenda kwenye mlango wa dereva, zaidi ili afiche uso, akauvuta mpaka ukakubali kufunguka.

Dashibodi ilikuwa imesukumwa ndani. Chini ya usukani, kwenye swichi, kichwa cha ufunguo hakikuwepo. Ufunguo ulikuwa umekatikia ndani, na kilichobaki ni kipande cha chuma kilichoziba tundu. Pembeni palikuwa na damu iliyokauka.

"Hili ni goti la Kagabo?"

"Goti yake. Ilivunja ufunguo."

Cassien aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa. Kile kipande kilichobaki ndani kilisimama wima kama msumari. Alama ya injini kuwaka ilikuwa upande wa kulia. Alama ya wima ilikuwa ya kuzima.

"Baada ya ajali kuna mtu aliyelizima gari?"

"Angezima na nini? Kichwa cha ufunguo tulikipata chini ya kiti."

Kwa hiyo ufunguo ulipokatika, injini ilikuwa tayari imezimwa. Gari lilikuwa likiteremka Gatsata kimya. Cassien aligeuka akaitazama pikipiki yake mwenyewe, aliyoshuka nayo kimya saa moja iliyopita, na zile lita kumi za kila kilometa mia zikajieleza zenyewe. Kigali ni kupanda na kushuka. Kagabo alikuwa akipanda na petroli na kushuka bila petroli.

"Sote tunazima tukishuka," alisema. "Hatufi."

"Gari zenu," alisema fundi. "Pikapu ukizima, feri inakuwa nzito lakini mguu wako bado ni mguu. Bi Harusi ni ya kisasa. Feri yake inasukumwa na pampu ya umeme. Ukizima ufunguo, pampu inalala. Iko na chupa ya kuweka presha ya akiba, kama mara nne tano za kukanyaga, lakini hiyo chupa ilikufa tangu Noeli. Hapo ukikanyaga ni kama unapiga hodi kwa tajiri."

"Na hakuna taa ya kumwonya dereva?"

Twagirayezu aliingia katika kibanda chake, akarudi na kopo la maziwa ya unga, akachakura ndani ya misumari. Alichoweka kiganjani mwa Cassien kilikuwa kibalbu kidogo, si kikubwa kuliko punje ya hindi.

"Iliwaka wiki mbili mfululizo, nyekundu. Nikamwambia Mkurugenzi: hiyo chupa iagizwe Ulaya. Akasema nikiagiza, wale wazungu watasoma, watasema si ulituambia gari nzima? Akaniambia, Twagirayezu, toa hiyo taa, inaniumiza macho." Fundi alifunika kopo. "Nikatoa."

Cassien alikifunga kibalbu kwenye leso yake. Saa ilikuwa nne na nusu.

*

Askari wa mahabusu walimleta Kagabo akichechemea. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyesilimu ili amwoe Raihana na kubaki na jina lake. Hata sasa, amefungwa pingu, aliingia chumbani kwa adabu ya dereva: alisubiri mkubwa akae kwanza.

"Kagabo, Jumatatu injini ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka, Shefu. Wallahi."

"Ulikanyaga breki?"

"Nilikanyaga, ikakataa. Ilikuwa ngumu kama jiwe."

"Ngumu?"

"Ngumu, Shefu."

"Mpira ungekuwa umekatwa, ingekuwa laini. Ingezama mpaka chini."

Njia ya mwongo ni fupi, na Kagabo hata hakuwa mzoefu wa kuipita. Cassien aliweka kibalbu mezani, akamweleza habari za ufunguo, taratibu, bila kupaza sauti. Alipofika kwenye alama ya wima, machozi ya Kagabo yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Basi ni mimi nimemuua Mkurugenzi."

"Nani alikuambia uzime?"

"Yeye. Tukifika juu ya mlima, kila siku: Kagabo, mpe mlima kazi. Nikizubaa anakasirika. Nilijua hiyo feri imechoka, Shefu. Siku zote nilishuka nikiwa nimekamata feri ya mkono. Jumatatu feri ya mkono nayo ikakatika." Alijifuta kwa bega, maana mikono ilikuwa imefungwa. "Nilificha kwa sababu nilifikiri nikisema nilizima, wataninyonga."

"Mjinga wewe! Kuzima ni uzembe. Ni miaka miwili, labda mitatu. Walichokuandikia wao ndicho cha kunyongwa!"

Kagabo alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mlango alioulinda siku zote ulikuwa ni ukuta. "Sasa nimesema. Andika."

"Nitaandika, lakini neno lako peke yako halina uzito. Nani mwingine alisikia akikuamuru?"

Kagabo alifikiri. "Madamu. Kila Jumapili nilikuwa nawapeleka misa, yeye na Mkurugenzi. Alikuwa anasikia. Mara nyingine alikuwa anacheka." Halafu, kwa mara ya kwanza, uso wake ukapata nuru. "Madamu ni mtu mzuri, Shefu. Raihana ndiye alimshonea nguo ya ubatizo wa mtoto wake wa mwisho. Atasema."

*

Nyumba ya Mugenzi ilikuwa Kiyovu, katika barabara yenye vivuli. Uwanjani waliofiwa walikaa kwenye mabenchi chini ya turubai, wakizungumza kwa sauti ya chini. Mazishi yalikuwa kesho, na tayari mafundi walikuwa wakipiga misumari jukwaa ambalo waziri angesimama kuhutubia. Saa ya Cassien ilisema sita kasoro robo.

Madamu Pudentienne, mjane wa Mugenzi, hakutaka kuongea mbele za watu. Alimpeleka kwenye banda la gari, lililokuwa tupu, akafunga mlango nusu. Sakafuni palikuwa na doa kubwa la oili pale Bi Harusi alipokuwa akilala.

"Mwihangane, Madamu," Cassien alianza, akimpa pole kama desturi inavyotaka.

"Tunavumilia. Uliza, Inspekta. Naona una haraka."

Alimweleza yote, mpira na fundo lake, ufunguo, na kile kibalbu. Hakumtaja fundi. Pudentienne alisikiliza amesimama, mikono ameikunja juu ya kitambaa cheupe cha msiba, macho yake yakiwa kwenye lile doa.

"Mpe mlima kazi," alisema mwishoni, polepole. "Alikuwa anasema hivyo. Siku moja tukitoka misa nikamwambia, baba, utatuua. Akacheka, akasema Mungu ndiye aliyeumba milima, basi tusimkufuru kwa kutoitumia." Aligusa lile doa kwa ncha ya kiatu. "Alilipenda mno gari lile. Alikuwa mtoto aliyekwenda shule bila viatu, Inspekta. Alitaka watu wa kwao wamwone akishuka ndani yake."

"Ulimsikia akimwamuru Kagabo azime."

"Nilimsikia mara mia."

Cassien alitoa karatasi. "Madamu, andika sentensi hiyo moja tu. Kagabo wanamchukua saa nane."

Nyundo ziligonga huko nje, zikanyamaza, zikagonga tena.

"Kesho," alisema Pudentienne, "waziri anakuja. Atasema mume wangu ameuawa na maadui wa nchi. Wataweka bendera juu ya sanduku. Nyumba hii ni ya mradi. Wameniambia mke wa aliyeuawa na adui anakaa, na watoto wake wanasomeshwa. Nina watano." Alivuta pumzi. "Nikiandika hiyo sentensi yako, waziri haji. Watasema Mugenzi amekufa kwa ubahili wa lita mbili za petroli. Wataisimulia kwenye baa, watacheka. Na Jumatatu watakuja kunitoa hapa."

"Kagabo hajamuua mume wako."

"Najua."

"Watamuua yeye."

"Najua, Inspekta! Unadhani sijui?" Alijiziba mdomo kwa kitambaa, akatazama mlango. "Ana watoto wangapi?"

"Watatu."

Alihesabu kitu kichwani mwake, Cassien akamwona akikihesabu, watano na watatu. Pudentienne aliichukua karatasi. Aliisogeza karibu na mwanga, akashika kalamu, na kwa muda wa kuvuta pumzi tatu Cassien aliamini. Kisha mtoto mmoja akaita "Mama!" kutoka uwanjani. Kalamu ikashuka.

"Nitamwombea," alisema akimrudishia karatasi. "Kila siku mpaka nife. Nenda sasa, tafadhali. Watu wataanza kuuliza unafanya nini humu."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walikosea kidogo. Mama yule aliupima uzito wa mzigo wa Raihana barabara, gramu kwa gramu, na bado akauacha chini.

*

Cassien alisimama na pikipiki chini ya miti ya Kiyovu, karatasi tupu juu ya tangi la petroli. Kulikuwa na njia moja iliyobaki, nayo ilikuwa chafu: angeweza kuandika sahihi ya mama yule mwenyewe. Alikuwa na mfano wake kwenye faili, herufi za mviringo za watu waliofundishwa na masista. Alijaribu P moja kwenye kiganja. Ikatoka vizuri. Kisha akamwona waziri kesho jukwaani, na mtu wa kambini akimsogelea mjane kumwuliza, "Madamu, hii ni yako?" Angesema hapana, na asingekuwa amesema uongo. Kagabo angekuwa na inspekta wa kumsindikiza, na huyo inspekta pia alikuwa na mke. Cassien aliilamba P akaifuta kwenye suruali, na akajiona mdogo kuliko alivyowahi kujiona maishani.

Alipanda mlima wa ofisi akiwa na vitu vitatu: ungamo la mshtakiwa, kibalbu ndani ya leso, na maneno yake mwenyewe. Angempigia magoti Viateur. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Bado alikuwa na muda wa kupiga magoti vizuri.

Lori la kambini lilikuwa limeshafika, limeegeshwa langoni. Injini yake ilikuwa ikinguruma.

"Saa nane!" Cassien alimfokea Viateur, aliyesimama ngazini amefumbata mikono. "Ulisema saa nane!"

"Nao waliniambia saa nane." Viateur hakumtazama. "Umepata sahihi?"

"Nimepata ukweli wote. Ufunguo ulikuwa umezimwa. Mpira ulikatwa baadaye. Njoo nikuonyeshe, twende sasa hivi Gatsata, utaona kwa macho yako..."

"Sahihi, Cassien."

Cassien alifungua leso. Kibalbu kilikuwa kidogo sana katika mwanga wa mchana. Viateur alikitazama kwa muda, akakunja kingo za leso juu yake, taratibu, akaurudisha mkono wa Cassien kifuani kwa Cassien.

Walimpandisha Kagabo nyuma. Kwa sababu ya goti alishindwa kupanda mwenyewe, askari wawili wakamwinua. Raihana alikuwa amesimama kando ya jiwe lake na sufuria mikononi. Alijaribu kuinyoosha juu, askari mmoja akaisukuma nyuma, si kwa ukali hata, kama mtu anayefunga droo. Kagabo alimwona mkewe. Kisha akamwona Cassien, na uso wake ukafunguka wote.

"Shefu! Madamu amesema?"

Lori likaondoka na lile swali.

Barabara ile kutoka langoni hupanda kidogo, hufika kileleni penye mkuyu, halafu hukata kona na kushuka moja kwa moja bondeni. Lori lilipanda likinguruma, moshi mweusi nyuma yake. Likafika kileleni. Likapotea kwenye kona.

Na mngurumo ukakatika.

Palinyamaza kabisa. Ilisikika cherehani ya mtu mahali fulani chini ya kilima.

Raihana aligeuka, macho yamemtoka. "Umesikia?" Alimshika Cassien mkono wa koti. "Wamesimama! Bwana Inspekta, wamesimama! Wanamshusha!"

Alianza kukimbia. Kitambaa cha maua kilifunguka kikaanguka, hakukiokota. Aliikumbatia sufuria kifuani kwa mikono miwili na kukimbilia kileleni, akimwita mumewe kwa jina, akicheka.

Cassien alijua lori lile halijasimama; limezimwa tu, linateremka. Alisimama pale langoni na leso yake mkononi, na hakumwita arudi.